Uchambuzi wa kisa: Siku tano Amsterdam, yuro 500 za matumizi, na njaa ya siku mbili wakati hela ipo

Mhusika na safari yenyewe

Huyu dada tumwite N. Jina sio lake, na vitu vya kumtambulisha nimevitoa, mwenyewe kaisoma hii yote na kakubali itoke. Ni mtu wa Mwanza, kazi yake inahusu dagaa na sangara, ana miaka arobaini na kitu, na kabla ya safari hii mbali kabisa alikofika ilikuwa Dar na Kampala. Mimi ni mhasibu wa kikoba chetu huku Nyakato, ndio niliyempangia bajeti, kwaiyo makosa mengi utakayoyaona humu yalianzia kwenye daftari langu na sio kwenye pochi yake. Nalisema mapema ili asije mtu akamcheka.

Ilikuwa Oktoba. Alialikwa mkutano wa siku mbili Amsterdam, wenyeji walilipa tiketi ya ndege, viza, bima na hoteli usiku nne, chumba tu, chai ya asubuhi haimo. Chakula cha mchana kipo siku mbili za mkutano basi. Yeye alitakiwa abebe "hela ya matumizi tu", na hilo neno tu lilitulaza usingizi wote wawili, tukaona kazi kubwa imeisha, viza imetoka, kilichobaki ni hela ya soda.

Bajeti tuliyoipanga

Hela ilipatikana hivi: laki tisa akiba yake mwenyewe, laki nne mkopo wa kikoba wa miezi mitatu, laki moja na elfu sabini alipewa na kaka yake. Jumla 1,470,000. Tulipiga hesabu kwa 2,900 kwa yuro moja, maana ndio bei benki waliyomuuzia, ikaja kama yuro 500 na chenji.

Yuro 300 alichukua keshi. Noti alizopewa ni moja ya 100 na nne za 50, hatukujua kama kuna haja ya kubagua noti. Iliyobaki, laki sita, iliachwa kwenye akaunti ili aitumie kwa kadi. Kadi ilifunguliwa benki kwa matumizi ya nje, hilo tulilikumbuka na lilituokoa, maana wengi wanafika ugenini ndio wanagundua kadi imefungwa.

Mgawanyo ukawa yuro 60 kwa siku kwa siku tano, hiyo 300, alafu 100 ya kutembea kuona mji, 100 ya dharura. Sa hiyo 60 niliitoa wapi? Kwenye karatasi za viza. Uholanzi inataka mwombaji aoneshe ana walau yuro 55 kwa kila siku atakayokaa, nikaichukua 55 nikaizungusha 60 nikajiona nimekuwa mkarimu. Ile namba ni kipimo cha watu wa viza cha kujua hutakuwa mzigo kwao, haijui kama hoteli yako ina chai au haina, haijui una shangazi wangapi.

Zawadi hatukuziandikia mstari. Nilimwambia "utabana humo humo". Kauli hiyo naijutia mpaka leo.

Kitu kimoja tulifanya vizuri kabla hajaondoka, koti. Oktoba kule ni nyuzi kumi na kitu, mvua na upepo, alienda Mlango Mmoja akapata koti zito la mtumba kwa elfu 18, nje ya bajeti. Angelisubiri kulinunua kule lingekula siku nzima ya matumizi au zaidi.

Yaliyotokea, kuanzia Dar

Ndege ya kutoka Mwanza ilimfikisha Dar jioni na ya kwenda Ulaya ilikuwa kesho yake usiku. Gesti, taksi mara mbili, chakula, jumla elfu 92, na zote zilitoka kwenye ile laki sita ya kadi kwa sababu keshi ilikuwa yuro na hakutaka kuivunja. Kadi ikabaki na 508,000. Hajapanda ndege bado yuro kama 30 zimeshaondoka na kwenye daftari langu hazipo.

Jumanne asubuhi kafika Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Tiketi ya treni kwenda mjini alikata kwenye mashine kwa kadi, karibu elfu 20 ya kwetu, treni yenyewe ni robo saa hivi. Akaenda hoteli, na hapo mapokezi ndipo safari nzima ilipogeuka.

Mhudumu alimwambia vitu viwili. Kwanza, chumba kimelipwa lakini kodi ya utalii ya jiji haijalipwa, analipa mgeni. Amsterdam tangu 2024 kodi hiyo ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba kabla ya VAT. Chumba kilikuwa yuro 120, kwaiyo 15 kila usiku, usiku nne 60. Pili, wanashikilia yuro 100 kwenye kadi kama dhamana, hazikatwi ila zinafungiwa, ukiondoka bila kuharibu kitu zinaachiwa. N. akatoa kadi, si ndio kaambiwa kadi, akaminya namba ya siri mara mbili.

Piga hesabu kwa shilingi, maana akaunti ni ya shilingi na benki wanabadili kwa bei yao, kama 3,020 hivi kwa yuro. 508,000 toa 20,000 ya treni, toa 302,000 ya dhamana, toa 181,000 ya kodi. Imebaki elfu tano. Ni saa sita mchana, siku ya kwanza, kadi imekufa.

Mkononi ana yuro 300 keshi, kwaiyo ukimwangalia ni mtu mwenye hela. Ila tramu na basi za Amsterdam hazipokei keshi, ni kugonga kadi tu unapopanda na unaposhuka. Mgahawa wa kwanza alioingia una kibandiko mlangoni kadi tu. Wa pili hivyo hivyo. Duka la tatu wanapokea keshi ila kaitoa ile noti ya 100, muuzaji katikisa kichwa, maduka mengi kule noti za kuanzia 100 hawazitaki. Na mtu ukishakataliwa mara tatu kwenye mji usioujua, wa nne humuulizi. Supamaketi kubwa nyingi zina angalau kaunta moja yenye mtu anayepokea keshi, na noti ya 50 angepokelewa vizuri tu, lakini yeye aliona zile mashine za kujihudumia za kadi pale mbele akageuza. Jumanne nzima alikula ndizi na maji ya chupa, yuro 4, kwenye kiduka cha kona walichopokea keshi. Maji ya bomba kule yanakunywika bila kuchemsha, hakuna aliyemwambia.

Jumatano asubuhi kapata mgahawa unaopokea keshi. Kahawa na mkate wenye yai, yuro 8.50. Akazidisha kwa 2,900. Elfu ishirini na nne na mia sita hamsini! Aliniambia baadae tonge lilikwama kooni, anawaza kwa hela hiyo pale Kirumba angekula sato na ugali, angekunywa soda, na nauli ya kurudi ingebaki. Kuanzia hapo kila bei aliyoiona aliipeleka kwenye shilingi kwanza, na kila ikifika kwenye shilingi anaacha. Mchana mkutanoni akakuta mikate ya jibini ya baridi na maziwa, ndio chakula chao cha mchana hicho, kala vipande viwili basi. Jioni wenzake wakapanda tramu, yeye akasema anapenda kutembea, akatembea kama kilomita nne kwenye mvua. Karibu na hoteli kizunguzungu kikamshika, akakaa chini kwenye ngazi za nyumba ya mtu.

Maamuzi ya usiku wa Jumatano

Alinipigia WhatsApp kwa waifai ya hoteli, huku ilikuwa saa nne usiku, kule saa tatu. "Kaka, hela ninayo ila nina njaa." Sikuelewa mwanzoni. Ilibidi anihesabie noti moja moja kwenye simu.

Tuliangalia njia tatu. Ya kwanza kuwaambia wenyeji. Akakataa, anaona aibu, na kusema kweli nilimwelewa, wamelipa kila kitu alafu siku ya pili uwaambie huna hela ya kula. Ya pili ni kumpa mshiriki mwenzake yuro 100 keshi ili amlipie kwa kadi, sio mbaya, ila hakuna aliyemzoea kiasi hicho na noti yenyewe ilikuwa ile inayokataliwa. Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: kadi yake inakula kwenye akaunti ya shilingi iliyoko hapa Mwanza, sa kwa nini tuhangaike na Amsterdam wakati akaunti naweza kuijaza mimi kutoka Nyakato? Kesho yake saa mbili asubuhi nilienda kwa wakala wa benki nikaweka 290,000. Dakika mbili meseji ya benki ikaingia kwake, akanijibu kwa sauti, nilisikia kabisa mtu anapumua. Makubaliano ni kwamba ile noti ya 100 asiiguse, airudishe nyumbani anipe mimi, ndio malipo yangu. Noti iliyokuwa haina kazi kule ikapata kazi huku.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kichwani. Nilimwambia kuanzia sasa marufuku kuzidisha. Hela ilishabadilishwa, shilingi haipo tena, una yuro 35 za kula kwa siku na hizo lazima ziishe, bei ukiiona jiulize inaingia kwenye 35 au haiingii, usiulize Kirumba ingekuwa shilingi ngapi. Hili lilifanya kazi kwa kiasi. Alhamisi asubuhi kala ya yuro 7, jioni mshiriki mmoja kampeleka mtaa wa De Pijp kwenye kiduka cha chakula cha Wasuriname, kale kanchi ka Amerika ya Kusini kalikotawaliwa na Waholanzi, kapata roti na kuku wa mchuzi na viazi, sahani imejaa, yuro 14. Roti ni chapati bwana. Alisema ndio mara ya kwanza tangu afike tumbo likajua limekula.

Uamuzi wa tatu ulihusu zawadi, na hapo tulishindwa.

Ijumaa ya zawadi

Orodha yake ilikuwa na watu kumi na saba. Mama, watoto, wifi wawili, kaka aliyetoa mchango, wanakikoba, jirani anayemwangalizia watoto, mchungaji. Nilimwambia azitenge 120 kwenye bahasha, ikiisha imeisha. Asubuhi alienda Dappermarkt, soko la mtaani, wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili utakuta patupu, na wauzaji wengi pale keshi wanapokea. Akanunua fulana, soksi, vitambaa, na pakiti nyingi za stroopwafel, zile biskuti bapa zenye asali ya karameli katikati, ambazo supamaketi pakiti ni yuro mbili tatu na kwenye maduka ya watalii ni zaidi ya mara mbili. Hapo alikuwa vizuri kabisa, bahasha iliishia 120 kamili.

Alafu dadake akatuma picha ya viatu vya mtoto, "ninunulie nitakurudishia". Yuro 35, kwa kadi. Mashine ikamuuliza alipe kwa yuro au kwa hela ya kwao, akachagua yuro, hilo nilimfundisha, maana ukichagua ya kwenu wanakubadilishia kwa bei yao mbaya. Jumamosi uwanja wa ndege akakumbuka amemsahau mtu, chokoleti, yuro 16. Jumla ya zawadi 171.

Kutembea kuona mji kulikuwa bure kabisa. Alitamani nyumba ya Anne Frank, yule binti Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni wakati wa vita kuu ya pili, tiketi zinauzwa mtandaoni tu na zinatoka kila Jumanne za wiki sita mbele, kwaiyo ilikuwa imeshachelewa tangu tukiwa Nyakato. Badala yake akapanda kivuko nyuma ya stesheni kuu kinachovuka kwenda upande wa Noord. Bure, watu na baiskeli zao, usiku na mchana. Mtu aliyezoea kukata tiketi kivuko cha Kamanga alirudi na kuvuka mara tatu, na picha nyingi alizokuja nazo ni za pale.

Hesabu aliporudi

Chakula siku tano: 4, 8.50, 21, 26.50 na 11. Yuro 71. Zawadi 171. Kodi 60, treni na tramu zote za pale kama 25, vyoo vya kulipia 3, Dar elfu 92. Jumla kama 1,064,000 na kidogo. Noti ya 100 alinikabidhi siku hiyo hiyo. Siku tisa baadae dhamana ya hoteli ikaachiwa kwenye akaunti, na tulipofunga daftari alikuwa na 365,000 benki na yuro 14 mkononi.

Rudia kusoma hapo. Alishinda na ndizi, akakaa kwenye ngazi ya mtu anaona giza, na amerudi na laki nne.

Nilivyouona mzigo wote

Watu wakisikia kisa hiki wanasema Ulaya ghali. Ni ghali kweli, ila hela ilitosha na ikabaki. Kilichokosekana ni hela ya aina inayotakiwa mahali inapotakiwa. Mimi niliigawa kwa siku peke yake, nikaona 60 mara tano ni 300 nikafurahi, sikujiuliza hii 60 itatoka kwenye kadi au kwenye keshi. Kwa mji kama Amsterdam ningegeuza kabisa, kadi ibebe theluthi mbili, keshi iwe yuro 150 za noti za 10 na 20, ukikosa benki moja unazunguka nyingine, au unaagiza mapema.

Dhamana ya hoteli ni jambo ambalo kwetu hatulizoei, gesti unalipa unapewa ufunguo. Kule mtu mwenye kadi ya mkopo haimuumi, sisi wa kadi ya akaunti inakufungia hela yako ya kula. Ungewaandikia hoteli wiki moja kabla na maswali mawili tu, dhamana ni kiasi gani na inawezekana kuilipa keshi, na kodi ya jiji imelipwa au bado. Hatukuandika. Kama noti ya 100 na mbili za 50 zingekuwa dhamana na kodi, kadi yake ingebaki na karibu laki tano siku ya kwanza na kisa hiki kisingekuwepo.

Kujaza akaunti kutoka nyumbani ndio kitu kilichofanya kazi kuliko vyote, na kiligharimu karibu na sifuri. Ila kilifanikiwa kwa bahati, kwamba alikuwa na mtu wa kumpigia na mtu huyo alikuwa na 290,000 asubuhi ile. Sasa kwenye kikoba tumeandika: anayesafiri anaacha mtu mmoja nyumbani mwenye namba ya akaunti yake na sehemu ya hela yake mwenyewe, inaingizwa kidogo kidogo. Hata kadi ikiibiwa mwizi anakuta cha siku moja.

Kuhusu kuzidisha kwenda shilingi, nimeliwaza sana hili. Ni tabia nzuri ukiwa unapanga, mezani, kabla ya safari. Ukiwa njaani mbele ya kaunta ni sumu, maana hulinganishi tena na bajeti yako, unalinganisha na maisha ya wote uliowaacha nyumbani, na hapo hakuna mkate utakaoonekana halali. N. aliniambia, "nilikuwa naona nakula ada ya mtoto." Mtu mwenye wazo hilo huwezi kumwambia tu kula, lazima mstari wa chakula uwe umeshaandikwa na kusainiwa kuwa ni wa chakula, asijisikie anaiba.

Na zawadi. 171 kwa 71. Sitaki kumlaumu mtu kwa kuwapenda watu wake, mikono mitupu kwetu hairudi kutoka safari. Lakini kwa kuwa sikuziandikia mstari, zilikula kwenye mstari ulio karibu nao, na huo ni tumbo lake. Bila hata kujua, Jumanne na Jumatano alikuwa anaweka akiba ya wifi zake. Zawadi ziandikwe kwanza, kwa majina, na kiwango kwa kila jina, yuro 5 kwa wengi inatosha vizuri, na maagizo ya "nitakurudishia" yalipwe kabla ya ndege kuruka.

Mkopo wa kikoba umelipwa wote ndani ya miezi miwili, kabla ya muda. Hela ya viatu bado hajarudishiwa. Kwenye zile yuro 14, noti ya 10 ilibadilishwa, sarafu nne za yuro moja benki hawakuzipokea. Mwanachama mwingine anaenda Brussels mwezi ujao, tumekaa naye jioni tatu na daftari jipya, N. ndiye aliyeongoza, na alipomaliza akafungua pochi akampa zile sarafu, "mdogo wangu, hizi za choo cha stesheni, usiende kuhangaika na kadi pale."